Kutoka chuo cha jamii hadi chuo kikuu California: safari ya kuhama huanza wiki ya kwanza

Treni ya Blue Line inayotoka San Ysidro, kule mpakani mwa Mexico, husimama City College, chuo cha jamii kilicho katikati ya San Diego. Tangu Novemba 2021 treni hiyohiyo huendelea moja kwa moja mpaka UC San Diego, na kutoka hapo City College safari haifiki hata saa moja. Lakini mwanafunzi anayeanza masomo pale City College kwa nia ya kumalizia digrii kule juu huchukua miaka miwili kufika, tena akijipanga vizuri. Nimeona vijana wetu wakichukua miaka minne, mitano, na wengine wakikatisha njiani. Wengi wao hawakuwa wazembe. Walikesha na vitabu, ila masomo waliyosoma hayakuwa yale ya kuwafikisha walikokuwa wanakwenda.

Nami nilipita humo humo. Nilikuja na cheti cha kidato cha sita, nikajiandikisha katika chuo kimoja cha jamii, na ofisi ya ushauri ikanipa orodha ya masomo ya jumla: historia, sanaa, afya, saikolojia. Nikafaulu yote. Mwaka ulipokwisha ndipo nilipogundua kuwa fani niliyoitaka inadai kalkulasi na fizikia, masomo yanayofuatana kama ngazi, na huwezi kuanza la tatu kabla ya la kwanza. Ikabidi nikae mwaka mwingine mzima. Uchungu ule ndio unaonifanya kila Agosti nikae na vijana kwenye meza ya jikoni kwangu, Wakongomani na Warundi wengi, Watanzania na Wakenya wachache, tupange mambo mapema. Haya ninayoandika ni ya California. Majimbo mengine yana taratibu zao.

Njia hii si ya mlango wa nyuma. Mpango Mkuu wa elimu ya juu wa California wa mwaka 1960 ndio uliopanga kwamba vyuo vya jamii vipokee kila mtu, na wanaofanya vizuri wahamie vyuo vikuu kumalizia mwaka wa tatu na wa nne. Leo kuna vyuo vya jamii 116. Juu yake kuna mifumo miwili ya vyuo vikuu vya umma: CSU (California State University) yenye kampasi zaidi ya 20, na UC (University of California) yenye kampasi 9 zinazochukua wanafunzi wa shahada ya kwanza. Mkazi wa California hulipa dola 46 kwa yuniti, yaani kipimo cha uzito wa somo, katika chuo cha jamii, kwa hiyo yuniti 60 ni dola 2,760, na mwenye kipato kidogo husamehewa ada hiyo. Shahada utakayopewa mwishoni haiandikwi popote kwamba ulianzia chuo cha jamii.

Hatua ya 1: Ijue fani, kisha fungua ASSIST

Fanya hivi kabla ya kujiandikisha somo lolote, au wiki hii kama umeshaanza. Ingia assist.org. Ni tovuti rasmi ya makubaliano kati ya vyuo vya jamii na vyuo vikuu vya umma vya California, na haina malipo. Chagua chuo chako, chagua chuo kikuu unachokitaka, kisha chagua fani. Utaletewa ukurasa wenye safu mbili. Kushoto ni somo linalodaiwa na chuo kikuu, kulia ni somo la chuo chako linalolingana nalo, na mshale katikati. Kwa mfano kushoto utaona MATH 20A ya UC San Diego, kulia MATH 150 ya City College. Maana yake ukisoma hilo la kulia ukafaulu, chuo kikuu kitalihesabu kama umesoma la kwao.

Soma ukurasa huo mstari kwa mstari. Kuna mahali upande wa kulia pameandikwa kwamba hakuna kozi iliyokubaliwa. Hapo chuo chako hakina somo hilo. Angalia kama chuo cha jirani kinalo, maana unaruhusiwa kusoma vyuo viwili kwa wakati mmoja. Kuna mahali masomo mawili ya chuo chako yameunganishwa kuwa sawa na moja la chuo kikuu. Ukisoma moja tu ukaacha la pili, huna kitu. Na kuna masomo yenye sharti la kufuatana. Hayo ndiyo uyaanze muhula wa kwanza, kwa sababu huwezi kuyaharakisha baadaye kwa fedha wala kwa bidii.

Fanya zoezi hilo kwa kampasi tatu au nne, si moja. Kisha chapa kurasa zote, chukua kalamu ya rangi, na tia alama masomo yanayojitokeza kwenye kila karatasi. Hayo ndiyo ya kutangulia. Mimi huwaambia vijana wabandike karatasi hizo kwenye mlango wa friji, ili hata mama anayefua na kupika humo ndani ajue mwanawe amebakiza nini.

Kama hujui fani, usijidanganye kwamba masomo ya jumla yatakupa muda wa kufikiri. Chagua mbili unazozielekea na usome yanayoingia kote.

Hatua ya 2: Mtafute mshauri, uende na karatasi mkononi

Mshauri wa masomo ni haki yako, na mpango wa masomo wenye saini yake utakusaidia sana. Lakini mshauri mmoja huhudumia mamia ya wanafunzi, na nusu saa hupita haraka. Usiende kuuliza "nisome nini?" Nenda na karatasi za ASSIST useme: "Nataka biolojia, kampasi hizi tatu, haya ndiyo wanayodai, naomba tuyapange kwa mihula minne." Utatoka na jibu tofauti kabisa.

Ukiwa na kipato kidogo, omba kuingia EOPS. Ni programu ya jimbo inayokupa mshauri unayemwona mara kadhaa kila muhula, msaada wa vitabu, na katika vyuo vingi nafasi ya kujiandikisha masomo mapema kabla hayajajaa. Ipo pia programu iitwayo Umoja, jina lililotoka kwenye lugha yetu, iliyoundwa kwa ajili ya wanafunzi weusi katika vyuo vya jamii vya California. Vijana wetu wengi hupita mlangoni pake wakidhani si yao. Ingia, mdogo wangu.

Hatua ya 3: Hesabu yuniti kwa usahihi

Kuna kijana mmoja, mzaliwa wa Uvira, alikuja kwangu akiwa na furaha: "Yaya, nimemaliza yuniti sitini, niko tayari." Tukakaa tukahesabu. Zilizohamishika UC zilikuwa 43. Nyingine zilikuwa za Kiingereza cha wageni cha ngazi za chini na masomo ya ufundi. Hazikupotea kwake kama mtu, lakini chuo kikuu hakizihesabu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama kiangazi kinaweza kusaidia. Kilimsaidia.

Masharti ya chini ya UC ni haya. Yuniti 60 zinazohamishika, kwa hesabu ya vyuo vya mihula miwili kwa mwaka, ziwe zimekamilika kabla ya kiangazi cha mwaka unaohamia. Masomo saba ya msingi: mawili ya uandishi wa Kiingereza, moja la hisabati, na manne kutoka angalau maeneo mawili kati ya sanaa na fasihi, sayansi ya jamii, na sayansi asilia. Kila moja upate C au zaidi. GPA, yaani wastani wa alama zako kwa kipimo cha 0 hadi 4, isipungue 2.4 kwa mkazi wa California, au 2.8 kwa asiye mkazi. Hicho ni kizingiti tu. Fani zinazogombewa kama sayansi ya kompyuta, uhandisi na uuguzi huchukua wenye alama za juu mno kuliko hapo.

Tangu msimu wa masomo wa 2025 wanafunzi wapya hufuata mpangilio wa masomo ya jumla uitwao Cal-GETC, unaokubalika UC na CSU kwa pamoja. Una masomo 11, yuniti 34. Ule wa zamani uliitwa IGETC, na bado utasikia watu wakiutaja. Kwa fani za uhandisi na sayansi nzito, maliza kwanza masomo ya fani. Ya jumla mengine unaweza kuyamalizia hukohuko uendako. Hapa ndipo ushauri wa jumla huwaumiza watu.

Ukipata D au F, unaweza kurudia. Ukipata C, imekwisha: UC haitahesabu marudio ya C. Na usizidishe masomo ya "kufaulu au kutofaulu" yasiyo na alama. UC inakubali yuniti 14 tu za namna hiyo.

Kuhusu Kiingereza. Masomo mawili ya uandishi yakifaulu kwa C au zaidi hutosha kuonyesha UC kwamba Kiingereza chako kinakidhi, huhitaji mtihani wa Kiingereza wa TOEFL. Kwa hiyo usikae miaka kwenye madarasa ya wageni kwa woga. Usiyaruke pia kama insha ya kurasa tano bado inakushinda, kwa sababu alama mbaya ya Kiingereza hufuata GPA yako hadi mwisho.

Na hapa Kiswahili chako kina thamani ambayo wengi hawaijui. Vitivo kadhaa vya UC hudai lugha nyingine zaidi ya Kiingereza. Chini ya IGETC ilitosha kuonyesha kwamba ulisoma miaka miwili, kuanzia ngazi ya darasa la sita na kuendelea, katika shule isiyofundisha kwa Kiingereza. Mtanzania aliyesoma darasa la sita na la saba katika shule ya msingi ya serikali alisoma kwa Kiswahili. Mkongomani alisoma sekondari kwa Kifaransa. Tafuteni hati hizo nyumbani, mzifanyie tafsiri, mziwasilishe mapema, na muulize kitivo mnachokwenda kinadai nini. Usilipie darasa la Kihispania kabla ya kuuliza.

Hatua ya 4: Usifiche shule uliyopitia

Wengi wetu tulianza chuo nyumbani. Mwaka mmoja Bujumbura, mihula miwili Dodoma, kisha maisha yakatuhamisha. Mtu huona alama zile zilikuwa mbaya, akaamua kuanza ukurasa mpya asiitaje shule ile. Fomu ya maombi inauliza kila chuo ulichosoma, popote duniani, na ukificha, nafasi inaweza kufutwa hata ukiwa umeshaanza masomo. Taja. Kama huna transkripti, yaani hati ya masomo na alama zako, anza kuitafuta leo. Kumtuma ndugu ofisi ya msajili huchukua miezi, sote tunajua. Chuo cha jamii kikitaka masomo hayo yahesabiwe, kitakuomba tathmini kutoka taasisi ya nje inayotambulika. UC huyapima yenyewe.

Hatua ya 5: Chukua nafasi ya uhakika, Septemba

Kampasi sita za UC, yaani Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, zina mpango uitwao TAG. Ukitimiza masharti yao ya GPA na masomo, wanakuhakikishia nafasi. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo. Unachagua kampasi moja tu, unajaza kati ya Septemba 1 na 30, na uwe umeshamaliza angalau yuniti 30. Baadhi ya fani haziingii kwenye TAG, soma orodha ya kampasi yako.

Binafsi siwaelewi wanaoiruka hatua hii kwa sababu moyo uko UCLA. TAG haikuzuii kuomba kwingine. Ni mkeka wa kulalia huku ukisubiri kitanda.

Upande wa CSU, uhakika wenyewe huitwa ADT: shahada ya miaka miwili ya kuhamia, iliyoletwa na sheria ya mwaka 2010. Ukiimaliza, mfumo wa CSU unakuhakikishia nafasi, ingawa si lazima kampasi unayoipenda, na ukifika katika fani inayolingana unabakiza yuniti 60 tu. Kwa ualimu, uhasibu au ustawi wa jamii, CSU mara nyingi ndiyo njia iliyonyooka zaidi, na wazazi waache kuwaambia watoto kwamba ni daraja la pili. Hakikisha tu masomo manne yamekamilika kwa C- au zaidi: uandishi, kuzungumza mbele ya watu, fikra tunduizi na hisabati.

Hatua ya 6: Fomu ya maombi

Fomu ya UC hufunguliwa Agosti 1, nawe huiwasilisha kuanzia Oktoba 1 hadi mwisho wa Novemba. Miaka mingine siku ya mwisho husogea hadi mwanzoni mwa Desemba, kwa hiyo soma tarehe ya mwaka wako. Ada ni dola 80 kwa kila kampasi, na mwenye kipato kidogo anaweza kusamehewa kampasi nne. Masomo na alama unaziandika mwenyewe. Fungua transkripti pembeni na unakili herufi kwa herufi, usitegemee kumbukumbu. UC haitazami mitihani ya udahili ya SAT wala ACT.

Kisha yapo maswali manne ya kujieleza, kila jibu lisizidi maneno 350. Moja ni la lazima kwa wanaohama: umejiandaaje kwa fani unayoiomba? Mengine matatu unachagua kati ya saba.

Hapa nataka kusema kwa kirefu kidogo. Vijana wetu huambiwa, "Simulia ya kambini, watakuhurumia." Wanaandika kurasa za vita, na mwandishi mwenyewe haonekani humo. Binti mmoja aliniletea jibu lililoanza: "Maisha ya ukimbizi yalikuwa magumu sana na yalinifundisha kutokata tamaa." Sentensi hiyo angeweza kuiandika yeyote. Nikamuuliza, "Mwanangu, ulifanya nini Jumanne iliyopita?" Akasema alimsindikiza mama yake kliniki, akatafsiri. Daktari alitaja dawa mbili, yeye hakujua neno la Kiswahili la shinikizo la macho, akachora jicho kwenye bahasha ya dawa na kumweleza mama kwa mchoro. Akaandika hivyo hivyo, akaendelea na jinsi alivyokwenda kusoma anatomia muhula uliofuata na alama aliyopata. Kambi ilibaki mstari mmoja katikati. Hilo lilikuwa jibu la swali la fani, na lilikuwa lake peke yake. Simulizi ya mateso ni haki yako kuisema au kuinyamazia. Msomaji wa fomu anatafuta ulichokifanya.

Omba kampasi zaidi ya moja, ukichanganya ngumu na zinazofikika.

Hatua ya 7: Fedha

Jaza FAFSA, fomu ya serikali kuu ya Marekani ya kuomba msaada wa fedha za masomo, kabla ya Machi 2, na uongeze kila chuo kikuu ulichoomba kwenye orodha. Wengi huacha jina la chuo cha jamii peke yake. Asiye na karatasi aliyesoma California na anayetimiza masharti ya sheria ya jimbo iitwayo AB 540 hulipa ada ya mkazi, na hujaza fomu ya California Dream Act badala ya FAFSA. Mkimbizi aliyefikia California moja kwa moja ana unafuu wa ada ya asiye mkazi katika chuo cha jamii kwa kipindi anachosubiri kutimiza ukazi. Uliza ofisi ya udahili. Mwenye viza ya mwanafunzi hana FAFSA, na ada yake ni kubwa mara nyingi zaidi, hivyo apige hesabu ya miaka yote minne kabla ya kupanda ndege.

Hatua ya 8: Januari hadi Julai

Januari UC hukutaka uingie tena kwenye mfumo uweke alama za muhula uliokwisha na masomo ya muhula unaoanza. Usipofanya, unaweza kuondolewa kwenye orodha. Majibu huja kati ya Machi na mwisho wa Aprili. Kukubali nafasi ni hadi Juni 1, kisha transkripti za mwisho zitumwe kutoka kila chuo, na tarehe yake huwa mapema Julai.

Nafasi uliyopewa ina masharti. Nimemwona kijana aliyeshangiliwa nyumba nzima mwezi Aprili, kisha Mei akaacha somo la takwimu kwa sababu zamu za kazi zilimzidi, bila kuwaambia. Agosti barua ikaja, nafasi imefutwa. Ukizidiwa, andikia ofisi ya udahili kabla ya kuacha somo. Mara nyingi husikiliza.

Hatua ya 9: Wiki kumi za kwanza

Kampasi za UC, isipokuwa Berkeley na Merced, husoma kwa mihula ya wiki kumi. Ulikotoka muhula ulikuwa wa wiki kumi na sita na zaidi. Mtihani wa kwanza hukukuta wiki ya nne, wakati bado unatafuta ukumbi, na ukumbi wenyewe una watu mia tatu. Wengi hushuka alama muhula huo, hata waliokuwa wa kwanza darasani. Chukua masomo matatu, si manne, na moja liwe jepesi kidogo. Kama una kazi, punguza zamu muhula huo mmoja tu. Tafuta kituo cha wanafunzi waliohamia. Kampasi zote za UC zinacho au zina ofisi yake. Na wiki ya pili, kabla hujapata shida yoyote, nenda saa za ofisi za profesa, muda anaoutenga kuwaona wanafunzi, kaa, mwambie jina lako na chuo ulichotoka, uulize swali moja kuhusu somo la siku ile.